Filamu Mpya za Kiswahili Mbele ya Sikio la Mtazamaji

Filamu ya Kiswahili huhukumiwa kwa sikio kabla ya jicho. Mpenzi wa filamu wa Dar es Salaam, Mombasa au Bukavu ambaye hakusomea fani hii atasamehe taa hafifu na kamera inayotikisika, lakini hatamsamehe mama wa Manzese anayezungumza kama msomaji wa taarifa ya habari. Mwigizaji akishafungua kinywa, mtazamaji anajua papo hapo kama mtu yule ni wa mahali panapoonyeshwa au ameletwa tu. Kwa kipimo hicho, filamu zilizotoka tangu mwanzoni mwa miaka ya 2010 zinaweza kupangwa upya kwa namna isiyofanana na orodha za tuzo za matamasha ya ng'ambo. Zipo zinazopanda, na zipo zinazoshuka.

Kipimo hiki kililelewa na miongo mingi ya kutazama filamu za lugha za watu wengine. Majumba ya sinema ya zamani, kama Majestic ya Mji Mkongwe wa Zanzibar au Empire na Avalon za Dar es Salaam, yalijaza watu waliokwenda kutazama filamu za Kihindi na za Kimarekani ambazo maneno yake wengi wao hawakuyaelewa. Aliyeambulia mawili matatu alimfasiria aliyeketi kando yake. Mwanahistoria Laura Fair, katika kitabu chake Reel Pleasures cha mwaka 2018 kinachohusu sinema nchini Tanzania, ameonyesha jinsi mjadala wa filamu ulivyoendelea baada ya taa kuwashwa, njiani, barazani na majumbani. Watu walibishana kuhusu nani alimkosea nani, mzazi yupi alikuwa na haki, na kama kijana alistahili kumwoa binti yule. Huo ulikuwa uhakiki kamili, ingawa haukuandikwa popote.

Kaseti za video zilipoenea, mjadala ule ulipata maikrofoni. Tanzania Bara haikuwa na kituo cha televisheni hadi mwaka 1994, kwa hiyo kwa watu wengi mlango wa kwanza wa kuingia katika ulimwengu wa filamu ulikuwa kibanda cha video, ambacho wenyeji hukiita kibanda umiza: mabenchi yaliyobanana, joto, runinga moja na kiingilio kidogo. Humo ndimo alimokaa mfasiri. Nchini Tanzania jina lililovuma zaidi katika kazi hiyo ni Lufufu, ambaye sauti yake ilisambaa katika nakala za kaseti na baadaye diski. Nchini Kenya ni DJ Afro, ambaye usimulizi wake wa filamu za mapigano na za Kihindi umesikika katika mabanda ya video, matatu na simu za mkononi. Uganda nayo ina maveejay wake wanaosimulia kwa Kiganda, wakiongozwa kwa umaarufu na VJ Jingo.

Mfasiri wa aina hii hafasiri neno kwa neno. Hupunguza sauti ya asili, kisha huzungumza kwa niaba ya kila mhusika, mwanamume, mwanamke na mtoto, huku akieleza mambo ambayo filamu yenyewe haikuyaeleza. Humpa steringi jina la mtaani. Humwonya asigeuke nyuma. Aliyechelewa kuingia huambiwa kwa sentensi moja yaliyopita. Desturi ya ugenini hufananishwa na desturi ya hapa ili mtazamaji asipotee, na mhusika mwenye tabia mbaya husutwa waziwazi, tena kwa maneno makali kuliko yale aliyoandikiwa na mtunzi wa filamu. Sehemu inayochosha hupewa kichekesho au hurukwa kabisa. Kwa kufanya hivyo, mfasiri anatoa maoni yake juu ya filamu wakati filamu yenyewe inaendelea, na watazamaji wanayakubali au kuyapinga kwa sauti hapo hapo.

Malezi hayo yana faida moja kubwa na hasara moja kubwa. Faida ni kwamba yamezaa hadhira inayosikiliza kwa makini sana, inayotambua lafudhi, utani na maneno ya rika. Hasara ni kwamba mfasiri haruhusu ukimya. Pale ambapo mwongozaji ameacha uso wa mtu uzungumze wenyewe, mfasiri hujaza pengo kwa maneno. Mtu aliyekulia katika kibanda umiza anaweza kudhani filamu imekwama kila wahusika wanaponyamaza, na jambo hili limezigharimu baadhi ya filamu bora za miaka ya karibuni.

Bongo Movie, yaani tasnia ya filamu za Tanzania, ilijengwa juu ya hadhira hiyo. Filamu ya Girlfriend ya mwaka 2003, iliyoongozwa na George Tyson, huhesabiwa kuwa miongoni mwa zilizofungua njia, na ndani ya miaka michache maduka ya Kariakoo yalikuwa yakiuza filamu mpya mfululizo. Kasoro zake zinajulikana na kila aliyewahi kuzitazama. Hadithi moja ilikatwa sehemu ya kwanza na ya pili ili iuzwe mara mbili, gari lilifuatwa na kamera kutoka getini hadi sebuleni, na muziki ulipandishwa juu ya mazungumzo hadi maneno yakazama. Mara nyingi sauti ilinaswa kwa maikrofoni ya kamera yenyewe, hivyo pikipiki iliyopita nje ilisikika kuliko mwigizaji aliye ndani. Kwa sikio la mtazamaji wa Kiswahili, hilo la mwisho ndilo kosa zito kuliko yote.

Hata hivyo, filamu hizo zilikuwa na watu waliojua kuzungumza. Amri Athuman wa Tanga, aliyejulikana kote kama King Majuto na aliyefariki Agosti 2018, ni mfano ulio juu ya wengine wote. Vichekesho vyake vingi viliendeshwa kwa maneno ya papo kwa papo, na hadithi zake nyingi hazikuwa na lolote jipya. Lakini ubishi wake, jinsi alivyorudia neno la mwenzake kabla ya kulijibu, na jinsi alivyonyamaza nusu sekunde kabla ya kutoa tusi la kistaarabu, ni ustadi ambao filamu nyingi zenye fedha mara mia zaidi hazikuupata. Anastahili kutazamwa na wanafunzi wa uigizaji kwa uzito ule ule wanaowatazama nao waigizaji wa ng'ambo.

Steven Kanumba alikuwa na kipaji cha namna nyingine. Alitaka Bongo Movie itoke nje ya mipaka, akafanya kazi na Wanaijeria, tangu Dar to Lagos ya mwaka 2006 hadi Devil's Kingdom ya 2011 alimoigiza pamoja na Ramsey Nouah. Alipofariki Aprili 2012, umati uliojaa viwanja vya Leaders, Kinondoni, ulionyesha ni kwa kiasi gani watu walimwona kuwa wao. Baada yake soko la diski lilidhoofika. Wizi wa nakala uliwaumiza watengenezaji, na tamthilia za Kichina, Kikorea na Kituruki zikaingia sebuleni, baadhi yake zikiwa zimetiwa sauti za Kiswahili. Ile ya Kichina ya Dou Dou ilioneshwa TBC mwaka 2011 na ikapendwa sana. Ushindani huo ulikuwa mgumu kwa sababu ulipigwa uwanja wa nyumbani, yaani kwenye sauti: wageni walikuja na picha safi, na sasa walisikika kwa Kiswahili kisichozamishwa na pikipiki.

Nchini Kenya mambo yalikwenda kwa njia tofauti, na filamu inayofaa kutajwa kwanza ni Nairobi Half Life ya mwaka 2012, iliyoongozwa na David Tosh Gitonga. Mhusika wake mkuu, Mwas, ni kijana wa kijijini anayeuza diski za filamu kwa kuigiza mbele ya wateja vipande vya filamu zenyewe. Ni mfasiri wa kibanda asiye na kibanda wala maikrofoni, na kila anayejua mabanda ya video anamtambua mara moja. Anakwenda Nairobi kutafuta uigizaji, anaporwa punde tu anapofika, anatupwa mahabusu bila kosa, na humo anakutana na Oti, kiongozi wa genge linaloiba vipuri vya magari. Tangu hapo anaishi maisha mawili, ya wizi na ya mazoezi ya jukwaani.

Nguvu ya filamu hii iko katika jinsi usemi wa Mwas unavyobadilika kadiri jiji linavyomla. Anakuja na Kikuyu na Kiswahili cha kijijini, anajifunza Sheng ya genge, kisha anajikwaa katika Kiingereza cha ukumbi wa tamthilia mbele ya watu waliosoma zaidi yake. Hakuna anayesimama kueleza tofauti ya matabaka, kwa sababu masikio yameshaielewa. Onyesho bora kuliko yote linatokea mahabusu, Mwas anapoamriwa kusafisha choo kichafu kupindukia, naye anaifanya kazi ile kama mchezo wa jukwaani hadi wafungwa wanamshangilia. Joseph Wairimu alipewa tuzo ya mwigizaji bora katika tamasha la Durban mwaka huo kwa uigizaji wake, na filamu ikawa ya kwanza kuwakilisha Kenya katika kinyang'anyiro cha Oscar. Mwisho wake unakimbizwa kidogo, na polisi wake wana sura moja tu. Lakini kati ya filamu zote zilizotajwa hapa, hii ndiyo inayokaribia zaidi kumridhisha mtazamaji wa kibanda na mwamuzi wa tamasha kwa pamoja.

Supa Modo ya Likarion Wainaina, iliyoonyeshwa Berlin mwaka 2018, ilitoka katika mpango ule ule wa mafunzo uliozaa Nairobi Half Life, ulioanzishwa na mwongozaji wa Kijerumani Tom Tykwer. Jo ni msichana mdogo mgonjwa mahututi anayependa filamu za mashujaa. Mama yake anamrudisha nyumbani ili apumzike, lakini dada yake, Mwix, anaona mtoto aliyebakiwa na siku chache anahitaji kucheza kuliko kulala. Kijiji kizima kinaingia katika siri ya kumfanya Jo aamini kuwa ana nguvu za ajabu, na baadaye kinatengeneza filamu ambayo yeye ndiye steringi. Kuna mahali filamu hii inadai machozi kwa haraka mno. Inaposimama imara ni kwenye vikao vya wanakijiji, watu wanapokatizana, kila mmoja akitaka wazo lake lipite. Hapo mtazamaji anasikia kikao cha kweli, na huzuni inamfikia bila kulazimishwa.

Rafiki ya Wanuri Kahiu, ya mwaka huo huo wa 2018, ilikuwa filamu ya kwanza ya Kenya kuchaguliwa Cannes. Inahusu wasichana wawili wanaopendana, na Bodi ya Filamu ya Kenya iliipiga marufuku. Mwezi Septemba Mahakama Kuu iliruhusu ionyeshwe kwa siku saba, na kumbi zikajaa. Mabishano ya sheria na maadili yaliifunika filamu kiasi kwamba wachache walizungumzia jinsi ilivyotengenezwa. Rangi zake zimechaguliwa kwa uangalifu mkubwa, na umbea wa kibandani pa chai unasikika kama unavyosikika mitaani. Hotuba za wazazi wanasiasa ndizo dhaifu.

Tanzania ilirudi katika ramani ya matamasha kupitia mwongozaji Amil Shivji. T-Junction, iliyofungua tamasha la ZIFF la Zanzibar mwaka 2017, inamfuata Fatima, binti aliyefiwa na baba yake, anayekutana hospitalini na Maria. Maria anamsimulia habari za watu wa njia panda moja, wachuuzi na wenye vibanda walioishi kama familia na kisha wakakabiliwa na nguvu za dola. Filamu inatembea kwa usimulizi: mmoja anasema, mwingine anasikiliza, na mtazamaji anarudi siku ya pili pamoja na Fatima kusikia kilichofuata. Kwa hadhira iliyolelewa na wasimulizi, mpango huu ni wa kawaida kabisa. Inasikitisha kwamba waliopata nafasi ya kuitazama ni wachache.

Vuta N'Kuvute, pia ya Shivji, ya mwaka 2021, ilikuwa na mzigo mkubwa zaidi. Imetokana na riwaya ya Adam Shafi iliyotoka mwaka 1999, ambayo wanafunzi wengi wa kidato cha tano na sita nchini Tanzania wameisoma darasani, kwa hiyo kila mmoja alikuja na Yasmin wake kichwani. Hadithi iko Zanzibar ya miaka ya 1950. Yasmin, msichana wa Kihindi aliyeozwa kwa mzee, anakimbia ndoa, anapokelewa na Mwajuma, na anampenda Denge, kijana aliyejitosa katika kupigania uhuru. Riwaya ya Shafi inajaa maneno: watu wanatongozana, wanasutana, wanabishana siasa, na kila ukurasa una mdomo wake. Filamu imechagua njia ya kinyume. Inategemea mvua, vichochoro vya usiku, na uso wa Ikhlas Gafur Vora anayemwigiza Yasmin akiwa amenyamaza.

Wasomaji wa riwaya wana haki ya kulalamika kwamba mengi yameachwa, na Denge anapozungumza siasa wakati mwingine husikika kama anasoma kipeperushi. Lakini ukimya wa Yasmin ni uamuzi mzuri. Msichana aliyeamuliwa kila jambo na wazee wake anaanza kwa kutazama, na maneno yanamjia taratibu kadiri anavyojifunza mji wa Ng'ambo. Siti Amina, ambaye ni mwimbaji wa taarab, anampa Mwajuma lafudhi ya Unguja isiyo na shaka, na nyumba yake ndiyo sehemu yenye uhai kuliko zote katika filamu. Kazi hii ilionyeshwa Toronto, ikiwa filamu ya kwanza ya Tanzania kuchaguliwa huko, na baadaye ikapelekwa kuwania Oscar, jambo ambalo nchi haikuwa imelifanya tangu Maangamizi: The Ancient One ya mwaka 2001.

Bahasha ya Jordan Riber, ya mwaka 2018, inahusu rushwa na gharama yake kwa familia ya aliyeipokea. Waigizaji wake ni wazuri, lakini mara kwa mara ujumbe hutangulia na mhusika hufuata nyuma, kama inavyotokea kwa kazi nyingi zinazotoka upande wa elimu ya jamii. Binti ya Seko Shamte, ya mwaka 2021, yenye hadithi nne za wanawake wa Dar es Salaam, inafanya vizuri zaidi, hasa pale ambapo mashoga wanaongea bila kujua kuna anayewasikiliza.

Kwa usemi halisi, filamu za hali halisi zimezipita zile za kubuni. The Letter ya Maia Lekow na Christopher King, ya mwaka 2019, inamfuata kijana wa Mombasa anayerudi kijijini katika pwani ya Kenya baada ya kusikia kwamba bibi yake, mwenye zaidi ya miaka 90, ametuhumiwa uchawi. Nyuma ya tuhuma kuna shamba. Vikao vya ukoo vilivyorekodiwa humo, pamoja na adabu zake, mizunguko yake na ukatili wake uliofunikwa kwa maneno laini, ni vigumu kubuniwa na mwandishi yeyote wa filamu. The Empty Grave ya Cece Mlay na Agnes Lisa Wegner, ya mwaka 2024, iko pamoja na kizazi cha Nduna Songea Mbano, aliyenyongwa na Wajerumani mwaka 1906 wakati wa Vita vya Majimaji. Mzao wake, ambaye ni wakili, pamoja na mkewe, wanatafuta kichwa cha babu yao kilichochukuliwa. Novemba 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alifika Songea na kuomba radhi. Utafutaji ule unahitaji subira kubwa, na filamu inaivumilia subira hiyo bila kupamba.

Kongo nayo ina mengi, na watazamaji wa Tanzania na Kenya wamechelewa kuyajua. Dieudo Hamadi wa Kisangani alitengeneza Maman Colonelle mwaka 2017, kuhusu Kanali Honorine Munyole, afisa wa polisi anayehamishwa kutoka Bukavu kwenda Kisangani kulinda wanawake na watoto. Mwaka 2020 alitoa En route pour le milliard, ambamo majeruhi wa Vita vya Siku Sita, vilivyopiganwa mjini Kisangani Juni 2000 kati ya majeshi ya Uganda na Rwanda, wanashuka Mto Kongo hadi Kinshasa kudai fidia. Wengi wao wamepoteza miguu au mikono. Wanabishana, wanaimba, wanaigiza masaibu yao jukwaani, na Kiswahili chao kinachanganyika na Kilingala katika sentensi moja. Filamu ya Makala ya Mfaransa Emmanuel Gras, ya mwaka 2017, inamfuata mchoma mkaa wa eneo la Kolwezi anayesukuma baiskeli iliyosheheni magunia hadi sokoni. Kwa muda mrefu hasemi lolote, na kinachosikika ni pumzi yake tu na malori yanayompita. Hata mtazamaji aliyezoea mfasiri hawezi kudai kuwa hapo filamu imekwama.

Tatizo la filamu hizi nzuri ni pa kuzitazamia. Tamasha la ZIFF, ambalo limekuwa likifanyika Zanzibar tangu mwishoni mwa miaka ya 1990, huonyesha nyingi kwa siku chache katika Ngome Kongwe. Baada ya hapo filamu huenda kwenye huduma za kulipia kwa mwezi, zinazohitaji kadi na intaneti ya kasi, au hubaki kwa watengenezaji. Kumbi za kisasa ziko katika maduka makubwa ya miji mikubwa. Chaneli kama Sinema Zetu ya Azam TV zimezipa filamu za Kiswahili nafasi kubwa, lakini hasa zile za Bongo Movie na tamthilia. Kibanda umiza kimeendelea na filamu za mapigano zilizonakiliwa bila ruhusa. Hivyo filamu zinazostahili masikio ya watu wa mtaani haziwafikii, na watu wa mtaani, wakihukumu kwa kile kinachowafikia, hudhani filamu nzito hazitengenezwi kwa lugha yao.

Kundi la Ajabu Ajabu la Dar es Salaam limeonyesha njia moja katika filamu fupi ya hali halisi ya mwaka 2023, Tenzi za Sinema. Humo wasambazaji wa filamu wa mitaani na msimulizi DJ Black wanaichukua Maangamizi, kazi ya Martin Mhando na Ron Mulvihill iliyozunguka matamasha miaka mingi kabla, na kuipeleka kwa watazamaji wa kibandani. Uchaguzi huo si rahisi, kwani mhusika mkuu, Samehe, aliyeigizwa na Amandina Lihamba, ni mwanamke aliyeacha kusema kwa miaka mingi kutokana na mambo aliyoyaona utotoni. Msimulizi anayejaza kila pengo lazima aamue lini anyamaze, na watazamaji wake wanajifunza pamoja naye. Filamu za Kongo zilizotajwa hapo juu, ambazo Kiswahili chake kinahitaji msaada kidogo tu kwa msikilizaji wa Tanga au Kisumu, zinafaa kufuata kwa wasimulizi wa aina hii, kwa mkataba na malipo kwa waliozitengeneza.